Nyimbo za Krismasi ambazo watu wataimba kweli: zipi, Doh ipi, mwendo gani?

MkeshaMwema ameuliza:

Habari zenu wakuu. Natafuta nyimbo za jioni moja ya kuimba pamoja msimu huu wa Krismasi. Watakuwepo watu kama 60 wa rika zote, wengi wao si wanakwaya. Tuna kwaya ndogo ya watu 12 yenye sauti zote nne (ila teno ni wawili tu), kinanda cha umeme na gitaa moja. Muda wote ni dakika 45, na ndani yake kuna masomo mafupi matatu.

Orodha za "nyimbo 50 bora" nimeziona nyingi na hazinisaidii. Nataka zile ambazo mtu akisikia utangulizi tu anafungua mdomo mwenyewe. Naomba mniambie pia kila wimbo uwekwe Doh ipi (yaani noti ya msingi ya wimbo iwe ipi kwenye kinanda), uende mwendo gani, na ni wapi huwa unaharibika. Nyimbo ngapi zinatosha? Na utangulizi wa kinanda uweje ili watu waingie pamoja?

---

Drmfs amejibu:

Anza na hesabu ya muda. Wimbo wa beti tatu pamoja na utangulizi wake unakula dakika mbili na nusu hadi tatu. Masomo matatu ni kama dakika tisa. Ukiongeza kusimama, kukaa na kufungua karatasi, zinabaki nyimbo kumi. Ukiweka kumi na tano utaanza kukata beti katikati, na watu wakikatiwa beti mara mbili wanaacha kuimba.

La pili ni Doh. Umati wa watu wasiofanya mazoezi huimba vizuri kuanzia A au Bb (B flati) iliyo chini ya C ya katikati hadi D ya juu, wanaume wakiwa oktava moja chini ya wanawake. Ukipita hapo, wanaume wananyamaza kwanza, kisha akina mama wenye sauti nzito, na mwishowe unabaki na kwaya yako peke yake. Vitabu vingi vya nyimbo vimeandikwa juu kidogo kwa ajili ya kwaya zilizofundishwa. Usione haya kushusha.

Sasa nyimbo zenyewe.

Usiku Mtakatifu. Maneno ni ya padre Joseph Mohr (1816), sauti, yaani melodi, ni ya Franz Xaver Gruber, na uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria, kwa sauti mbili na gitaa. Kwa hiyo gitaa lako lina haki zote hapa. Tatizo lake ni upana: unashuka hadi d ya chini kabisa mwishoni mwa ubeti (herufi ndogo ni noti za sol-fa, d r m f s l t, na alama ' ni oktava ya juu), na mstari mmoja tu kabla ya hapo umepanda hadi f' (r' r' f' r' t d' m'). Hiyo ni oktava na noti tatu juu yake. Ukiuweka Doh = C, ile f' inaangukia F ya juu, na watu 60 hawaifikii bila kupiga kelele. Doh = Bb inafaa kwaya. Kwa umati mchanganyiko mimi ningeuweka Doh = A, ambapo kilele ni D.

Mwendo ndio unaouua wimbo huu. Umeandikwa 6/8, na ubeti una vipimo 12, yaani mapigo madogo 72. Ukienda mapigo madogo 120 kwa dakika, ubeti unakwisha kwa sekunde 36 na mtu wa kawaida anafika mwisho wa kila kishazi akiwa na pumzi. Ukiuburuza hadi 90, ubeti unakuwa sekunde 48, watu wanavuta pumzi katikati ya neno, na sauti inashuka. Utulivu wa wimbo unatokana na wanavyoimba kwa sauti ndogo, wala si lazima mwendo uwe wa polepole. Angalia pia pale mwanzo kabisa: s inashikwa pigo moja na nusu, l ni nusu pigo, halafu s. Wengi wanazisawazisha zote tatu, na ule mbembeleo wa kumlaza mtoto unapotea.

Joy to the World. Isaac Watts aliandika maneno haya mwaka 1719 kutoka Zaburi ya 98, na hayakuwa hasa ya Krismasi. Sauti iliyozoeleka ilipangwa na Lowell Mason katika karne ya 19. Mstari wa kwanza ni skeli nzima ikishuka: d' t l s f m r d. Inaonekana kama mchezo wa watoto, kumbe ndipo kwaya nyingi zinapopotea. Kutoka d' kwenda t ni nusu toni tu, na waimbaji wanaivuta t chini mno. Wakifika d ya chini tayari wameshuka karibu nusu toni, na kinanda kikiingia tena kinawaumbua. Mazoezi yake: imbeni d' t d' t mara nne kwa mdomo uliofungwa, t ikiwa karibu sana na d', ndipo mshuke. Doh = D ni sawa kabisa, kwa kuwa wimbo wote umo ndani ya oktava moja, D hadi D. Usiuanze kabla koo hazijapata moto, maana noti ya kwanza ndiyo ya juu kuliko zote.

Adeste Fideles. Uko katika miswada ya John Francis Wade ya miaka ya 1740. Huu ndio wa kufungulia. Doh = G, unatoka D hadi D, na kila mtu anaumudu. Kiitikio kinajijenga chenyewe: "Venite adoremus" ya kwanza sauti ya kwanza (soprano) peke yake, ya pili waongezeke sauti ya pili (alto) na teno, ya tatu besi na umati wote. Wakati wa mazoezi tazama ubeti wa pili. Katika Kilatini unaanza na "Deum de Deo", silabi tano, wakati ubeti wa kwanza unaanza na "Adeste fideles", silabi sita. Ile noti ya kudandia mwanzoni haipo tena, hivyo ubeti unaanza moja kwa moja kwenye pigo zito. Asiyejua anaingia mapema, na nusu ya ukumbi unamfuata.

Hark! The Herald Angels Sing. Maneno ni ya Charles Wesley (1739), sauti ni ya Mendelssohn. Aliitunga mwaka 1840 kwa sherehe ya kumbukumbu ya Gutenberg na uchapaji, na William Cummings ndiye aliyeiunganisha na maneno haya mwaka 1855. Doh = F, si G kama ilivyo katika vitabu vingi. Kwenye F unatoka C hadi D, na ile "l l l s" ya mstari wa tisa haimkabi mtu. Huu ufungie nao.

---

SautiYaNne amejibu:

Mwalimu Drmfs amesema vizuri. Naongeza jambo moja linaloharibu jioni nyingi za namna hii: nyimbo zenye sauti mbili tofauti, yaani melodi mbili, kwa maneno yaleyale.

"Away in a Manger" ndio mfano mkubwa. Kuna sauti ya James Murray (1887) na kuna ya William Kirkpatrick (1895). Zote ni za mapigo matatu, zote zinabeba maneno yale bila kupungua wala kuzidi silabi, kwa hiyo karatasi ya maneno peke yake haitakuambia chochote. Ya Murray inaanza juu kwenye s na kushuka ngazi kwa ngazi hadi s ya chini. Ya Kirkpatrick inaanza s ya chini na kurukia d. Nusu ya watu wakijua hii na nusu ile, kipimo cha kwanza kinakuwa fujo, na hakuna aliyekosea. Kinanda kipige mstari mzima wa kwanza, na kwaya iimbe ubeti wa kwanza peke yake kabla umati haujaunga.

"O Little Town of Bethlehem" ni vilevile. Maneno ni ya Phillips Brooks (1868). Wamarekani wanatumia sauti ya Lewis Redner, Waingereza wanatumia ile aliyoipanga Vaughan Williams mwaka 1906 kutokana na wimbo wa kienyeji. Ukichagua ya Redner, noti ya nne si r bali ni ri, yaani r iliyopandishwa nusu toni: m m m ri m. Ukisikia watu wanaimba m m m r m, noti imekwenda chini nusu toni zaidi ya inavyotakiwa na itagongana na kinanda. Wafundishe wasiiache m mbali. Washuke kidogo tu, warudi.

Jambo lingine ni la maneno ya Kiswahili. Vitabu vya madhehebu mbalimbali vina tafsiri tofauti za nyimbo hizihizi, na watu wameshika ghibu za kwao. Chapa maneno ya kila wimbo, hata Usiku Mtakatifu ambao kila mtu anadai anaujua. Na kabla ya kuchapa, soma kila mstari ukigonga meza kwenye mapigo mazito. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho: mwo-KO-zi, fu-RA-ha. Pigo zito likiangukia "zi" ya Mwokozi, waimbaji watasita hapo kila ubeti, na wewe utadhani hawajui sauti. Mara nyingi dawa ni kuhamisha silabi moja kwenye noti ya kudandia au kuimba silabi mbili ndani ya pigo moja. Ukiwa na tafsiri mbili za mstari uleule, chagua ile ambayo mkazo wa neno na pigo vinakutana, hata kama nyingine ina maneno matamu zaidi.

---

VidoleKumi amejibu:

Najibu upande wa kinanda na gitaa.

Utangulizi: usipige mstari wa kwanza tu na kukatisha hewani. Piga mstari wa mwisho wa wimbo, maana unaishia kwenye Doh na sikio linajua limefika nyumbani. Upige kwa mwendo uleule utakaoimbwa. Wapigaji wengi wanachangamsha utangulizi kisha wanawasubiri waimbaji, na ubeti wa kwanza wote unakuwa mvutano. Baada ya noti ya mwisho acha kimya cha pumzi moja, kiongozi ainue mkono akivuta pumzi waziwazi, na watu wataingia naye. Nyimbo zenye melodi mbili ndizo pekee zinazohitaji mstari wa kwanza, kama alivyosema SautiYaNne. Hapo piga wa kwanza, halafu wa mwisho.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo ni msaada na ni mtego. Umeshusha Usiku Mtakatifu kwa kuweka -1 (nusu toni chini), wimbo unaofuata umeandikwa D na wewe unapiga D, kumbe inatoka Db. Hapo hakuna anayegundua. Siku uliyoweka +3 ndipo Joy to the World inapoanzia F ya juu na ukumbi unabaki mdomo wazi. Kwa hiyo andika namba ya kitufe juu ya kila karatasi kwa kalamu nyekundu, pamoja na sifuri pale isipohitajika. Usiache nafasi tupu.

Gitaa: Usiku Mtakatifu unakwenda na kodi (chords) tatu tu. Shika maumbo ya G, C na D, kisha weka kapo (kibanio cha nyuzi) kisahani (fret) cha pili upate Doh = A, au cha tatu upate Doh = Bb. Donoa nyuzi moja moja, sita kwa kila kipimo, kuanzia besi. Ukichapa zote kwa pamoja, ule mwendo wa 6/8 unageuka maandamano. Na hakikisha gitaa limetiwa sauti kwa kinanda chenyewe, wala si kwa simu: baadhi ya vinanda vina mpangilio wa kusogeza sauti kidogo juu au chini ya kipimo cha kawaida cha A = 440, na mtu aliyekitumia kabla yako huenda aliuacha umeguswa.

---

MkeshaMwema ameandika:

Asanteni sana wakuu, hii ndiyo niliyotaka. Maswali mawili yamebaki. Kwaya yangu inaomba Haleluya ya Handel na Carol of the Bells. Na vijana wanataka nyimbo za redioni, hasa ule wa Mariah Carey. Kuna unaowezekana?

---

Drmfs amejibu:

Haleluya inawezekana, ila uijue ilivyo. Katika Messiah, kazi kubwa ya Handel iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kipande hiki kinafunga sehemu ya pili, inayohusu mateso, ufufuko na kutawala kwa Kristo. Kuzaliwa kwake kuko sehemu ya kwanza, kwenye "For unto us a child is born". Hicho ndicho cha Krismasi kweli, lakini kina mikimbio mirefu ya noti za robo pigo ambayo watu 12 hawaisafishi kwa wiki mbili. Basi imbeni Haleluya.

Shida yenu itakuwa pale "And he shall reign for ever and ever". Besi wanaanza, teno wanafuata, kisha sauti ya pili, kisha ya kwanza. Teno wawili hawatasikika baada ya besi. Chukua mmoja wa sauti ya pili mwenye sauti nzito aingie pamoja na teno kwa ule mstari wa kwanza tu, kisha arudi kwao. Sauti ya kwanza nao wana zile noti ndefu za "King of kings" zinazopanda hatua kwa hatua. Kila hatua iimbwe kama mwanzo mpya, na wapokezane pumzi, mmoja akivuta mwingine anashika. Wakivuta wote pamoja, mnara unaanguka.

Halafu mwisho. Baada ya Haleluya nne za mfululizo kuna kimya, kisha Haleluya ya mwisho, polepole. Karibu kila kwaya ina mtu mmoja anayeimba ndani ya kimya kile, kwa sababu koo limeshazoea mfululizo. Usiwaambie wahesabu mapigo, kwa kuwa kila mtu ana hesabu yake. Waambie wote wakutazame tangu Haleluya ya pili, karatasi zikiwa zimeshushwa, na wewe ushike ngumi iliyofungwa hewani. Ngumi isipofunguka, mdomo haufunguki. Fanyeni vipimo hivyo vichache mara kumi mfululizo kila siku ya mazoezi, kabla hata hamjauimba wimbo kutoka mwanzo.

Carol of the Bells ningeiacha mwaka huu. Ni kazi ya Mykola Leontovych wa Ukraini (1916), na asili yake ni wimbo wa mwaka mpya unaomtaja mbayuwayu. Maneno ya kengele yaliandikwa na Peter Wilhousky mwaka 1936. Kila kitu kimejengwa juu ya d' t d' l: pigo moja, nusu mbili, pigo moja, bila kupumzika. Noti ni rahisi, pumzi ndiyo hakuna. Wakiwa watatu au wanne kwa kila sauti, na teno wawili tu, mmoja akivuta pumzi shimo linasikika.

---

Kisaga amejibu:

Kuhusu nyimbo za redioni, nitasema tu zile ninazoona zinaimbika na watu 60.

"All I Want for Christmas Is You" (1994) ni wimbo mzuri wa kusikiliza, na kuuimba kwa pamoja ni balaa. Unakwenda takriban mapigo 150 kwa dakika, upana wake ni wa mwimbaji mmoja mwenye koo la ajabu, na mwanzo wake wa polepole hauna pigo la kushika. Uacheni kwenye spika watu wanapoingia ukumbini.

"Feliz Navidad" ya José Feliciano (1970) ndio wenyewe. Mstari mmoja wa Kihispania na mmoja wa Kiingereza, vinarudiwa, na mtu aliyefika amechelewa anakuwa ameujua kufikia mzunguko wa pili. Waambie tu kwamba katika "Navidad" mkazo uko kwenye "dad", kwa maana sisi tutauweka kwenye "vi" bila kujua.

"Mary's Boy Child" ya Jester Hairston pia inafaa. Belafonte aliurekodi mwaka 1956, Boney M. mwaka 1978, na ni huu wa Boney M. ambao wengi wameushika. Wao waliunganisha na kipande kingine mwishoni, kwa hiyo amueni mapema kama mnaishia kwenye kiitikio au mnaendelea, la sivyo kinanda kitakwenda na watu watabaki.

"White Christmas" ya Irving Berlin hapana. Mstari wa kwanza ni m f m ri m f fi s, nusu toni tupu, na umati unautelezea wote. Pia maneno na muziki wake bado vina haki miliki. Hizi za kina Watts, Wesley na Gruber ziko huru, lakini mpangilio mpya wa sauti nne wa wimbo wa zamani unaweza kuwa na mwenyewe, basi soma chini ya ukurasa kabla ya kutoa nakala 12.

Kwa spika za wakati wa kuingia: washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu ya muziki, kwa kuwa rekodi za miaka ya 1950 ziko chini kuliko za 1994 na utakuwa unakimbilia kitufe kila dakika tatu. Zima uchanganyaji wa nyimbo bila mpangilio. Na wimbo wa mwisho wa spika usiwe miongoni mwa mtakazoimba, tena uzime dakika mbili kamili kabla ya Adeste Fideles, ili masikio yasibaki na ufunguo wa rekodi wakati kinanda kinapotoa Doh = G.